Je, Wajua Unguja Iliitangulia Mombasa kwa Treni?

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Kufikia hapo, Unguja ilikuwa imeshajenga reli na kuing'oa. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said alijenga njia nyembamba kutoka kasri lake mjini hadi Chukwani. Mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, hadi mwaka 1881 alipoagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza.

Nyumbu waliwezaje kuvuta behewa zima? Mtu wa Garsen ataelewa upesi. Mvua ikikolea kwenye uwanda wa Tana, udongo mweusi hunasa tairi za lori hadi watu washuke kusukuma. Gurudumu la chuma juu ya chuma halibonyei wala halizami. Msuguano ni mdogo, na uzito husambazwa na mataruma na kokoto kabla haujafika ardhini. Kasoro yake ni kwamba chuma huteleza, kwa hiyo treni haipendi mwinuko mkali.

Barghash alipofariki mwaka 1888, reli yake iling'olewa. Ilikuwa ya kasri, na kasri lilipobadili mwenyewe haikuwa na mtetezi.

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikafungua njia nyingine, maili saba kutoka mjini hadi Bububu. Hii ilikuwa ya abiria. Treni ilianzia kwenye Ngome Kongwe, ikapenya mitaa ya mji moshi ukifuka karibu na kuta za nyumba, kisha ikaelekea kaskazini kwenye mashamba. Barabara za magari zilipoenea, abiria waliihama. Safari zao zikakoma mwaka 1922. Reli iliendelea kubeba mawe ya kujengea bandari kwa miaka michache, kisha ikafungwa.

Je, kisiwa kidogo hakifai treni? Morisi yatujibu. Nchi hiyo ilifunga reli zake mwaka 1964, magari yakajaa barabarani, na kufikia 2020 treni za umeme zilikuwa zikibeba abiria kati ya Port Louis na Rose Hill. Ufupi wa njia si hoja. Reli huishi pale penye watu na mizigo ya kila siku.

Jambo hili latuhusu sisi wa Tana. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, unajumuisha bandari ya Lamu na reli ya kutoka huko kwenda bara. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa mwaka 2021, reli bado. Kabla haijaja, tuulize: mkulima wa maembe na mfugaji watapakia wapi, kwa nauli gani? Reli inayowapita wenyeji bila kusimama itakuwa ya Barghash. Tudai vituo sasa, wakati njia ingali kwenye ramani.