Elektroni Zinazoonana kwa Karibu

Umbo la molekuli, rangi yake na wepesi wake wa kuungana na nyingine hutokana na jinsi elektroni zake zinavyokaa kuzunguka viini vya atomi. Mlinganyo unaotawala mpangilio huo ulitolewa na Erwin Schrödinger mwaka 1926, na tangu hapo taabu imekuwa kuukokotoa. Molekuli moja ya maji ina elektroni 10. Mahali pa kila moja hutajwa kwa namba 3, hivyo zote pamoja zina vigeu 30. Kila kigeu kikipimwa katika nukta 10 tu, namba za kuhifadhi zinakuwa 1 ikifuatwa na sifuri 30. Hakuna kompyuta inayobeba mzigo huo.

Njia kongwe ya kuukwepa, ya Hartree na Fock, huichukulia kila elektroni kana kwamba inakutana na wastani wa wenzake. Hupata takriban asilimia 99 ya nishati yote, lakini kemia imejificha katika asilimia ile iliyobaki. Elektroni hukwepana papo kwa papo, na wastani hauoni hilo. Kosa la kilokalori 1.4 tu kwa moli, katika joto la kawaida, hubadilisha kasi ya mmenyuko mara 10.

Mbinu iitwayo CCSD(T), iliyotolewa mwaka 1989, hurekebisha upungufu huo kwa usahihi wa kutegemewa. Gharama yake inatisha: molekuli ikiwa kubwa maradufu, kazi huongezeka mara 128. Hesabu ya saa moja inakuwa ya siku 5 na zaidi. Ukubwa ukiongezwa maradufu tena, inakaribia miaka miwili.

Walter Kohn alipita njia nyingine. Mwaka 1964, yeye na Pierre Hohenberg walithibitisha kwamba msongamano wa elektroni, wenye vigeu 3 tu, unatosha kimsingi kuipata nishati ya hali ya chini kabisa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1998, pamoja na John Pople. Fomula kamili ya kuunganisha msongamano na nishati haijulikani, kwa hiyo hutumika makadirio, mazuri lakini magumu kuboreshwa kwa hatua zinazoaminika.

Wazo lililoifikisha CCSD(T) kwenye molekuli kubwa ni jepesi kulieleza: elektroni zilizo mbali hazihitaji kushughulikiwa kama jirani. Mchango wa kila jozi ya elektroni katika marekebisho hayo hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali, yaani umbali ukiwa maradufu, mchango hushuka mara 64. Peter Pulay alilijenga wazo hili miaka ya 1980. Frank Neese na wenzake nchini Ujerumani walilichanganya na zana ya zamani iliyokuwa karibu kusahaulika: kila jozi ya elektroni hupewa obitali (maumbo ya kihisabati ya kuelezea mahali pa elektroni) chache zilizokatwa kwa kipimo chake. Jozi za karibu hukokotolewa kikamilifu, na za mbali hukadiriwa kwa njia rahisi. Mwaka 2013 walikokotoa krambini, protini nzima yenye atomi 644, ukubwa ambao CCSD(T) ya kawaida haikuukaribia.

Upunguzaji huu wa kazi haufai kila mahali. Katika vishada vya chuma vya vimeng'enya fulani, mipangilio mingi ya elektroni ina nishati karibu sawa, na kuanzia na mpangilio mmoja, kama CCSD(T) inavyofanya, hakutoshi, hata jozi zikichujwa kwa ustadi namna gani.