Kabla ya kumkabidhi mwanao, mjue anayemfundisha



Muumini mmoja wa hapa Dodoma alitujia baada ya swala ya Alasiri akiwa na jambo lililomnyima raha. Mwanawe wa miaka 11 amemwomba ruhusa ya kujifunza jujitsu ya Kibrazili. Mkufunzi ni kijana aliyehamia mjini kwetu kutoka Dar es Salaam, kama walivyohamia wengi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake makao makuu. Mama wa mtoto ameridhia. Baba alitaka kujua kwetu iwapo mchezo huo ni halali.

Tulimwambia kwamba swali hilo lina jibu jepesi. Mieleka si ngeni katika Uislamu. Wanazuoni wa sira wamesimulia kwamba Mtume (SAW) alimbwaga Rukana, bingwa wa mieleka wa Makka, ingawa wataalamu wa Hadithi wamejadili nguvu ya mapokezi yake. Imesimuliwa pia kwamba kabla ya vita vya Uhud, kijana Samura bin Jundub alimshinda mwenzake Rafi bin Khadij katika mieleka, na kwa sababu hiyo naye akaruhusiwa kujiunga na jeshi. Madhali awra imesitiriwa, swala haipotei na hakuna kamari wala kudhuriana, asili ya jambo hili ni ruhusa. Lakini lipo swali la pili, na hilo ndilo gumu: huyo mkufunzi ni nani? Baba hakuwa na jibu. Tukakubaliana twende wote tukamwone.

Ni vyema msomaji aujue mchezo wenyewe. Chimbuko lake ni Japani, ambako Jigoro Kano aliasisi judo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwemo kijana Carlos Gracie. Yeye na nduguze, hasa Hélio, waliukuza upande wa kupambana chini, ambako mdogo wa umbo huweza kumdhibiti mkubwa kwa kumkunja mkono au kumpiga kabari badala ya ngumi na mateke. Abu Dhabi imeuingiza mchezo huu katika shule zake tangu mwaka 2008. Kwetu Tanzania, jamaa yake wa karibu, judo, unafahamika zaidi: huko Unguja Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kuufundisha kwa vijana katika miaka ya 1990.

Tulifika ukumbini saa kumi na moja kasoro, vumbi la Dodoma likiwa limetutangulia hadi mlangoni. Mkufunzi alitupokea kwa shikamoo. Si Muislamu, na hakujisingizia kujua mambo yetu. Alituonesha benchi lililo kando ya mikeka akasema kwamba hapo ndipo wanapokaa wazazi, siku yoyote, bila taarifa. Tukaketi.

Tuliona watoto kama 12, wamevaa suruali ndefu na makoti mazito ya mikono mirefu. Katika mchezo huu aliyekabwa hugonga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja, na hapo hapo aliyemkaba hulazimika kumwachia. Mchezo wote umejengwa juu ya uaminifu huo. Mtoto anampa mwenzake shingo yake akiwa na yakini kwamba akigonga ataachiwa.

Mara kijana mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenziwe, alimkunja mkono mdogo wake. Yule mdogo akagonga. Mkubwa akakawia kumwachia, muda wa pumzi moja tu, huku akitabasamu. Mkufunzi alisimamisha darasa zima. Hakupaza sauti wala hakuinua mkono. Alimwangalia kwanza yule mdogo, akamnyoosha kiwiko taratibu, kisha akamwambia mkubwa akae kando hadi mwisho wa mazoezi, na kabla ya kuondoka amwombe radhi mwenzake. Tulikumbuka mafundisho ya Mtume (SAW), kama yalivyopokewa na Abu Hurayra na kuhifadhiwa na Bukhari na Muslim, kwamba nguvu ya kweli si kuwabwaga watu, bali ni kuimiliki nafsi wakati wa hasira.

Baada ya mazoezi tulimhoji. Tulimuuliza nani alimfundisha na nani alimpa mkanda, akatujibu kwa majina na miaka. Tulimuuliza lini mtoto huyu angepata mkanda mweusi. Akacheka. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, watoto hupanda kutoka mweupe kwenda kijivu, njano, chungwa na kijani; wa buluu haupatikani kabla ya miaka 16, na mweusi kabla ya 19. Anayekuahidi haraka kuliko hapo, alisema, anakuuzia kitambaa.

Tuligusia desturi ya kuinama mbele ya mwalimu, tukamweleza kwamba sisi hatumwinamii kiumbe. Akasema kupeana mikono kunatosha. Kuhusu mabinti, alisema hana mkufunzi wa kike, na kwa sababu hiyo hajafungua darasa lao. Mwisho tukauliza lile lililotuleta: je, yeye hubaki peke yake na mtoto? Alijibu kuwa habaki, na kwamba mlango haufungwi hadi mtoto wa mwisho achukuliwe na mzazi wake.

Kisha akatuuliza kwa adabu: “Samahani, sheikh. Maswali haya mnayauliza pia kwa walimu wa madrasa?”

Ndugu msomaji, tulinyamaza. Madrasa tunayoisimamia ina chumba cha nyuma ambako watoto huitwa mmoja mmoja kusikilizwa hifdhi. Chumba hicho kina pazia zito. Kwa miaka mingi tuliona pazia lile linasaidia utulivu, na hakuna mzazi aliyewahi kuuliza. Nasi hatukuuliza, kwa kuwa mwalimu alikuwa mwenzetu, na kumuuliza tuliona ni kumvunjia heshima. Hatumtuhumu mtu. Tunasema tu kwamba tulimkagua mgeni kwa jicho kali, na wa kwetu tukamfumbia.

Si suala la kudhania watu vibaya. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto hao wana wazazi, na baadhi yao wana wazazi wanaoswali katika misikiti yetu.

Wazazi wenzetu, nendeni mkatazame: ukumbini, uwanjani, darasani na chuoni. Nendeni siku msiyotarajiwa. Mwangalieni mwalimu anapokuwa na mtoto dhaifu, si anapozungumza nanyi. Mkizuiwa kukaa na kutazama, mchukueni mtoto mrudi naye nyumbani. Mfundisheni mtoto kwamba hakuna siri kati yake na mwalimu ambayo baba na mama hawaruhusiwi kuijua. Akilalamika, msikilizeni kabla ya kumkaripia. Likitokea la kutokea, msilimalize kwa suluhu ya ndugu sebuleni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na simu namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure.

Yule baba alimwandikisha mwanawe. Sharti lake ni moja, kwamba mazoezi yaishe kabla ya Magharibi, na mkufunzi amelikubali. Nasi Jumamosi iliyofuata tulikwenda madrasa mapema, tukaliondoa lile pazia, tukaweka benchi mlangoni kwa ajili ya wazazi. Mwalimu alituuliza kulikoni. Tulimweleza yote, na hakufurahi. Hadi leo hajatuzoea tena kama zamani, na tunamwombea heri. Benchi limebaki pale pale, na wiki iliyopita akina mama wawili walikaa juu yake hadi mwisho wa darasa.