Chumba Kisicho na Kuta: Siri za Sakafu ya Ziwa Tanganyika

Wavuvi wa Ilagala wakiwasha taa zao usiku kuvua dagaa, chini yao kuna hazina ya namna nyingine. Mto Malagarasi, unaoingia ziwani karibu na kijiji hicho, umekuwa ukimwaga mchanga na matope humo kwa mamilioni ya miaka. Mashapo ya bonde la Ziwa Tanganyika yamefikia unene wa kilometa kadhaa, na aghalabu ni katika mashapo ya namna hiyo mafuta hutafutwa.

Ili kuyachunguza, meli hupiga mawimbi ya sauti majini, na vinasa sauti hupima muda ambao mwangwi huchukua kurudi kutoka kila tabaka. Kazi hiyo ni ghali mno. Mwenye picha hizo peke yake huijua thamani ya kitalu kabla ya wenzake, na taifa lisipokuwa nazo hujadili mkataba gizani.

Oktoba 2013 Tanzania ilikaribisha zabuni za vitalu 8: saba vya bahari kuu, na kimoja cha Ziwa Tanganyika Kaskazini. Katika mnada wa namna hii kuna tatizo gumu. Hakuna kampuni itakayokubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini takwimu zikishatoka nje, hazirudi.

Zamani dawa yake ilikuwa chumba halisi chenye meza, ramani na mlinzi. Wageni waliingia kwa zamu, wakasoma, wakatoka mikono mitupu. Siku hizi chumba hicho huwa ndani ya kompyuta. Nyaraka hufumbwa kwa ufunguo wa biti 256, ambao una mipangilio mingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 78. Mgeni huthibitishwa kwa neno la siri na kwa namba itumwayo kwenye simu yake. Mmoja huruhusiwa kusoma tu, mwingine kunakili. Na jina la msomaji hutandazwa juu ya kila ukurasa.

Kila mlango unaofunguliwa huandikwa katika daftari la mfumo. Daftari hilo nalo ni siri kubwa (jambo ambalo wengi hulisahau), kwani kampuni iliyorudia ramani moja mara ishirini imekwisha kuonyesha inachokitamani. Hivyo mtunza daftari hana budi kuchunguzwa kuliko wageni wenyewe.

Hata hivyo, hakuna ufunguo uwezao kumzuia mtu kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake. Hapo hubaki lile jina lililotandazwa ukurasani, likionyesha ni nani aliyeivujisha.