Ngozi ya Askari: Chale, Tatuu na Kumbukumbu ya Lualaba

Mwezi Juni 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lililegeza masharti yake kuhusu tatuu. Askari akaruhusiwa mchoro mmoja kwenye kila kiganja usiozidi inchi 1, mmoja kisogoni usiozidi inchi 2, na mwingine mdogo nyuma ya kila sikio. Kabla ya hapo, kijana mwenye mchoro sehemu hizo hakuandikishwa mpaka apate kibali maalumu. Uhaba wa vijana ulichangia sana mabadiliko hayo: mwaka huo jeshi lilihitaji askari wapya 60,000 na likapungukiwa na wapatao 15,000.

Habari hii inawahusu Wakongo walio ughaibuni. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kujiunga na jeshi la Marekani hata kabla hajapata uraia, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2009 mpango ulioitwa MAVNI uliwaandikisha hata wageni wasio na kadi hiyo, ilimradi wawe na ujuzi uliotakiwa. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizohitajika. Basi kijana mwenye asili ya Sandoa, mkoani Lualaba, akiwa kambini Texas au Georgia, anajichora begani pamoja na wenzake wa kikosi, anatuma picha nyumbani kwa WhatsApp, na jibu linakuja kali kuliko alivyotazamia. Njia rahisi ya kulielewa jibu hilo ni kusema ni dini. Dini ina sehemu yake, kwani misheni za Kimethodisti zina mizizi mirefu Sandoa na Kapanga. Lakini huku Lualaba alama kwenye mwili wa askari ina historia yake yenyewe, na watu wamekufa ndani ya historia hiyo.

Tuanze na wakati ambapo alama zilikuwa jambo la heshima. Sandoa ni nchi ya Walunda na Wachokwe. Anayetaka kuona jinsi mwili ulivyopambwa zamani huku atazame kinyago cha Pwo, kinyago cha mwanamke cha Wachokwe, ambacho leo kimo katika makumbusho mengi ya Ulaya. Kwenye paji la uso kuna msalaba unaoitwa cingelyengelye, na chini ya macho kuna michirizi kama ya machozi. Marie-Louise Bastin, Mbelgiji aliyeitafiti sanaa ya Wachokwe tangu miaka ya 1950 katika makumbusho ya Dundo, Angola, aliuhusisha msalaba huo na nishani za Ureno zilizoingia bara zamani kwa njia ya biashara. Chale za namna hii zilionyesha uzuri, ukoo na utu uzima. Aliyezibeba hakuwa na sababu ya kuzificha.

Mwaka 1964 mambo yaligeuka, tena mbali na Sandoa. Uasi wa Simba ulilipuka mashariki mwa Kongo chini ya viongozi kama Gaston Soumialot, Christophe Gbenye na kamanda Nicolas Olenga. Kijana aliyejiunga nao hakupewa kwanza bunduki. Alipelekwa kwa mganga. Alichanjwa chale ndogo kwenye paji la uso na kifuani, zikapakwa unga wa dawa, kisha akanyunyiziwa maji. Kuanzia hapo risasi ya adui ingegeuka maji, na vitani alipaza sauti akiita "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele, kiongozi wa waasi. Masharti yalikuwa mengi: asimguse mwanamke, asiibe, asigeuke nyuma wakati wa mapigano, asiogope. Mwenzake akianguka kwa risasi, maelezo yalikuwa tayari: alivunja mwiko. Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 kuja kuwasaidia, aliandika kwa wasiwasi mkubwa juu ya imani hiyo. Aliona jinsi ilivyowapa watu ujasiri, akaona pia jinsi ilivyovunja umoja pale mapigano yalipokwenda vibaya na lawama kumwangukia mganga au marehemu.

Na ilifanya kazi, angalau kwa muda. Askari wa serikali, waliojulikana kama ANC, nao waliiamini dawa hiyo kwa upande wao, wakaikimbia. Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, iliangukia mikononi mwa Simba mwanzoni mwa Agosti 1964 ingawa kikosi cha serikali kilikuwa na silaha bora zaidi.

Tarehe 24 Novemba 1964 makomando wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kwa miavuli, wakifuatwa na askari wa serikali na mamluki. Zile chale zilizokuwa kinga sasa zikawa ushahidi. Kijana aliweza kuitupa bunduki mtoni, akavua ngozi ya mnyama aliyoivaa kichwani, akajichanganya na watu sokoni. Paji la uso lilibaki vilevile. Katika siku za kisasi kilichofuata, kovu dogo la wembe liliweza kumtofautisha anayerudi nyumbani na anayeuawa. Wapo waliochanjwa kwa lazima, na wapo waliochanjwa wakiwa watoto. Wembe haukuandika sababu.

Hapa ndipo Lualaba inapoingia. Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba katika nchi ya Walunda, alikuwa ametangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Jeshi lake, majandarme wa Katanga, liliposhindwa mwezi Januari 1963, Kolwezi ikiwa ngome yake ya mwisho, askari wengi walivuka mpaka kuingia Angola. Mwaka uliofuata Tshombe alirudi kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, akawaita. Kwa hiyo vijana wa Katanga, na miongoni mwao Walunda wengi, walipelekwa kupigana na Simba. Waliziona zile chale wakiwa upande wa wenye kuzitafuta.

Miaka 13 baadaye wao ndio waliotafutwa. Majandarme waliorudi Angola waliunda chama cha FLNC mwaka 1968 chini ya Nathaniel Mbumba, wakajulikana kwa jina la Tigres. Tarehe 8 Machi 1977 walivuka mpaka kuingia Zaire ya Mobutu. Dilolo, Sandoa na Kapanga zilianguka bila upinzani wa maana, na vijijini wengi waliwapokea kama watoto wao waliorudi, kwa sababu kweli walikuwa watoto wao. Mobutu aliokolewa na askari wapatao 1,500 wa Moroko walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Jeshi lake liliporudi magharibi mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Angola. Safari hii haikuhitajika hata chale. Kuwa Mlunda kulitosha kumtia mtu mashakani, na ukubwa wa cheo haukumkinga mtu: Nguza Karl-i-Bond, Mlunda aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alikamatwa mwaka huohuo na kuhukumiwa kifo kwa uhaini, kabla ya kusamehewa.

Mei 1978 Tigres waliiteka Kolwezi, na tarehe 19 mwezi huo Kikosi cha Pili cha Miavuli cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa kilishuka mjini chini ya Kanali Philippe Erulin. Hilo ni jeshi lenye utamaduni mkongwe wa tatuu: guruneti lenye ndimi saba za moto, jina la kikosi, maneno ya Kilatini ya kaulimbiu yao. Mchoro wa namna hiyo unamsindikiza askari mpaka kwenye mkahawa wa Marseille, ambako hakuna atakayemsimamisha barabarani kwa ajili yake. Mkongo aliyetiliwa shaka mwaka 1964 au 1977 hakupewa bahati hiyo, na tofauti hii ndiyo inayosahaulika watu wanapobishana kama tatuu ni dhambi au ni fasheni.

Desturi ya kuchanja haikuisha. Makundi ya Mai-Mai, ambayo jina lao lenyewe linatokana na maji ya dawa, yameendelea kuwachanja wapiganaji wao, watoto wakiwemo. Sierra Leone ilipitia jambo linalofanana na hilo: waasi wa RUF waliwachora watoto herufi za kundi kifuani kwa ncha kali ili wasithubutu kutoroka, na baada ya vita madaktari walilazimika kuwafanyia upasuaji kuziondoa. Mtoto mwenye herufi hizo alijua kwamba jeshi la serikali lingezisoma kabla halijamsikiliza.

Kwa kijana wa ughaibuni anayefikiria kujiunga na jeshi au tayari yumo, mambo mawili ni ya kuzingatia. La kwanza ni chale za utotoni. Wengi wamechanjwa wakiwa wachanga kwa ajili ya homa au maumivu ya kichwa, na makovu yake yanaonekana kwenye uchunguzi wa kiafya. Jeshi la Marekani huhesabu alama za kuchomwa kwa moto pamoja na tatuu, na ofisa wa uandikishaji hupiga picha michoro yote ili ikaguliwe. Ni vema mtu aeleze kovu lake mapema, kwa maneno mafupi: ni tiba ya kienyeji, alikuwa mtoto. Si kila jeshi lina uvumilivu huo. Nchini Tanzania, matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi kwa kawaida humtaka mwombaji asiwe na mchoro wowote mwilini.

La pili ni maana ya mchoro wenyewe. Kanuni za Marekani zinakataza michoro ya ubaguzi wa rangi, ya kudhalilisha wanawake, ya itikadi kali. Hazisemi chochote juu ya ile misalaba mitatu ya shaba, ambayo kijana wa Kolwezi anaweza kuipenda kwa sababu inamkumbusha nyumbani. Zamani misalaba hiyo ilikuwa fedha ya Katanga, kitu cha mahari na biashara. Lakini ndiyo pia iliyokaa kwenye bendera ya Tshombe kuanzia 1960 hadi 1963, na bendera hiyo ndiyo iliyobebwa na wapiganaji wa Kata Katanga, kundi la waliotaka Katanga ijitenge, walipoingia Lubumbashi tarehe 23 Machi 2013. Ofisa wa uandikishaji huko Texas ataiona kama pambo zuri la Kiafrika, ataipima kwa rula na kuipitisha. Ofisa wa usalama kwenye uwanja wa ndege wa Luano mjini Lubumbashi, akimwona kijana mwenye kifua cha kijeshi na misalaba hiyo mkononi, ana haki ya kuuliza maswali mengine kabisa, na kijana huyo inafaa awe ameyafikiria kabla sindano haijawashwa.