Jasusi achungulia, mchezaji alipa

Siri ya mtungi aijuaye kata, walinena wahenga. Katika kandanda, mtungi ni uwanja wa mazoezi, nayo kata ni wachezaji pamoja na makocha wao. Hapo ndipo mkufunzi huamua nani ataanza na nani ataketi benchi, kona zitachanjwa vipi, na ni nani ataupiga mkwaju wa penalti iwapo refa atapuliza kipenga. Mambo hayo huwa ni siri ya watu wachache hadi timu ziingie uwanjani.

Lakini wapo wasiokuwa na subira ya kungoja siku ya mechi. Hujibanza kwenye vichaka wakiwa na darubini. Wengine hutafuta nyumba iliyo mlimani. Na siku hizi wapo wanaorusha droni, yaani vile vijindege visivyo na rubani vilivyofungwa kamera, ili wajue jirani anapika nini jikoni kwake.

Je, mtu wa aina hiyo huambulia nini hasa? Na anaponaswa, ni nani hulipa gharama? Visa vya miaka ya karibuni vina majibu ambayo yamfaa kila mzazi mwenye mtoto apendaye gozi.

Kisa cha Derby na Leeds

Kisa kilichovuma sana Uingereza kilitokea Januari 10, 2019. Vijana wa Derby County, waliokuwa wakinolewa na Frank Lampard, walikuwa mazoezini wakijiandaa kwa mechi ya siku iliyofuata dhidi ya Leeds United. Timu zote mbili zilikuwa katika ligi ya Championship, ile inayofuata Ligi Kuu kwa ukubwa, na zote zilitamani kupanda ngazi.

Mtu mmoja akaonekana nje ya ua wa uwanja, akichungulia. Polisi waliitwa, wakamhoji, na hakuna aliyetiwa mbaroni. Baadaye ikabainika kwamba jamaa huyo alikuwa mfanyakazi wa Leeds.

Kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa kutoka Argentina, hakuzungukazunguka mbuyu. Alimpigia Lampard simu na kumwambia wazi kwamba yeye ndiye aliyemtuma mtu huyo. Jioni ya mechi, Leeds wakawalaza Derby 2-0 katika uwanja wao wa Elland Road.

Kelele zilizofuata hazikuwa za kawaida. Wako waliosema huo ni wizi mtupu. Wengine walicheka na kuuliza kosa liko wapi ikiwa mtu amesimama barabarani akatazama mbele yake. Siku sita baadaye, Januari 16, Bielsa aliwaita wanahabari kwa ghafla, na baadhi yao walifika wakidhani kwamba anajiuzulu.

Wapi! Bielsa aliwasha kompyuta, akazima taa, na kwa zaidi ya saa moja akawafundisha wanahabari jinsi anavyowachunguza wapinzani. Alikiri kwamba alikuwa amewatuma watu kutazama mazoezi ya kila timu ambayo Leeds ilikutana nayo msimu huo. Alisema huo ulikuwa mtindo wake tangu enzi za kuifundisha timu ya taifa ya Argentina.

Kisha akaonyesha kazi nyingine ambayo haikuhitaji kichaka wala darubini. Wasaidizi wake walikuwa wametazama mechi zote 31 ambazo Derby ilikuwa imecheza msimu huo. Kila mechi iliwachukua muda wa saa nne kuichambua. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: hizo ni saa 124 za kazi kwa ajili ya mpinzani mmoja tu.

Swali likaja lenyewe. Mtu aliyekwisha kujua yote hayo, ana haja gani ya kumtuma kijana akajibanze nje ya ua?

Hofu ndiyo humtuma jasusi

Jibu la Bielsa ndilo linalostahili kukumbukwa katika sakata hiyo yote. Alieleza kwamba habari hizo zote hazikumsaidia kushinda kwa kiasi ambacho watu walidhani. Alizikusanya kwa sababu asipofanya hivyo, dhamiri yake humsuta kwamba hakufanya kazi ya kutosha. Kazi hiyo humpunguzia wasiwasi.

Kwa maneno mengine, aliyemtuma yule kijana nje ya ua wa Derby alikuwa ni wasiwasi.

Bielsa akatoa mfano wake mwenyewe. Mnamo Mei 2012, akiwa kocha wa Athletic Bilbao ya Uhispania, alikutana na Barcelona ya Pep Guardiola katika fainali ya Kombe la Mfalme. Alikuwa ameichunguza Barcelona hadi mifupani. Baada ya mechi alimpelekea Guardiola uchambuzi huo kama zawadi, naye Guardiola akakiri kwamba Bielsa aliijua Barcelona kuliko yeye mwenyewe. Matokeo je? Barcelona walishinda 3-0. Bielsa alisema maarifa yote hayo hayakuwa na faida yoyote, kwa kuwa alifungwa mabao matatu.

Ni kweli kwamba anayechungulia mazoezi huambulia kitu. Anaweza kujua kikosi kitakachoanza, mfumo utakaotumika na namna mipira ya adhabu itakavyopigwa. Lakini kujua kwamba mtu fulani atapita wingi ya kulia si sawa na kumzuia asipite. Kazi hiyo humngoja beki, miguu kwa miguu, mbele ya umati.

Derby wenyewe walikuja kulithibitisha hilo. Mwezi Mei 2019 timu hizo zilikutana tena, safari hii katika nusu fainali ya kutafuta tiketi ya kupanda Ligi Kuu. Leeds walishinda 1-0 ugenini. Waliporudi nyumbani Mei 15, wakafunga bao la kwanza, na mashabiki wao wakaanza kuona Ligi Kuu kwa macho. Lakini Derby waliamka kama simba aliyekanyagwa mkia, wakashinda 4-2 na kusonga mbele kwa jumla ya mabao 4-3. Wachezaji wao walisherehekea kwa kukunja vidole na kuviweka machoni mfano wa darubini.

Timu iliyokuwa imechunguzwa kwa saa 124, na mazoezi yake kuchunguliwa juu, ndiyo iliyowafungia Leeds mlango.

Tayari Leeds walikuwa wamepigwa faini ya pauni 200,000 mnamo Februari 18, 2019, na Bielsa aliilipa kutoka mfukoni mwake. Wakati ule hakukuwa na kanuni iliyokataza wazi kutazama mazoezi ya wengine. Klabu iliadhibiwa kwa kutotenda kwa nia njema kwa wenzake. Ndipo ikatungwa kanuni mpya inayokataza klabu kutazama mazoezi ya mpinzani katika muda wa saa 72 kabla ya mechi yao, isipokuwa kwa mwaliko. Msimu uliofuata, kanuni hiyo ikiwapo, Leeds walitwaa ubingwa wa ligi hiyo na kupanda Ligi Kuu.

Si Leeds pekee

Isidhaniwe kwamba Bielsa ndiye aliyeanzisha mchezo huu. Miaka mingi kabla ya hapo, André Villas-Boas, aliyekuwa akimfanyia José Mourinho uchunguzi wa wapinzani katika klabu ya Chelsea, alieleza gazetini kwamba alikuwa akifika kwenye viwanja vya mazoezi vya wapinzani bila kujitambulisha. Na katika kikosi cha Chelsea cha wakati huo alikuwamo kiungo mmoja kwa jina Frank Lampard!

Ujerumani nako, mwezi Desemba 2018, droni ilionekana juu ya mazoezi ya Hoffenheim. Werder Bremen, waliokuwa wakutane nao, walikiri kwamba ilikuwa yao na kuomba radhi. Mechi iliisha sare ya 1-1.

Kisa cha kuchekesha ni cha Kombe la Dunia la 2018. Mchunguzi wa Uswidi alidaiwa kutazama mazoezi ya faragha ya Korea Kusini nchini Austria. Kocha wa Uswidi akaomba radhi. Kocha wa Korea Kusini, Shin Tae-yong, naye hakuwa amelala. Alikuwa amewabadilishia wachezaji wake nambari za jezi katika mechi za kirafiki, akidai kwamba watu wa nchi za Magharibi huona taabu kutofautisha nyuso za Waasia. Wajanja hao wawili walipokutana Juni 18, mechi iliamuliwa na penalti moja ya Uswidi. Nambari za jezi hazikumwokoa Shin.

Akina dada wa Kanada

Hadi hapo mtu anaweza kucheka na kusema ni mambo ya mchezo tu. Lakini kisa cha Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, hakichekeshi.

Timu ya wanawake ya Kanada ilifika Ufaransa kama bingwa mtetezi, baada ya kutwaa dhahabu katika michezo ya Tokyo. Siku chache kabla ya mechi yao ya kwanza dhidi ya New Zealand, droni ilionekana juu ya uwanja ambako New Zealand walikuwa wakifanya mazoezi mjini Saint-Étienne. Polisi walimfuata aliyekuwa akiirusha. Alikuwa mchanganuzi wa timu ya Kanada. Mahakama ya Ufaransa ilimpa kifungo cha nje cha miezi minane.

Yeye na kocha msaidizi aliyemsimamia wakarudishwa nyumbani. Kocha mkuu, Bev Priestman, akasimamishwa kazi. Julai 27 shirikisho la FIFA likatoa hukumu: faini ya faranga 200,000 za Uswisi, maafisa hao watatu kufungiwa mwaka mmoja, na timu kupokonywa alama sita.

Alama sita! Katika kundi la timu nne, hizo ni sawa na kufuta ushindi wa mechi mbili. Uchunguzi uliofanywa baadaye na mtaalamu huru haukupata kwamba wachezaji waliitazama picha hiyo ya droni. Lakini wao ndio waliokuwa uwanjani, na wao ndio waliolipa.

Msomaji Mkenya anaifahamu hali hii. Ni sawa na mtahiniwa aliyekesha na vitabu mwaka mzima, kisha akasikia kwamba matokeo ya kituo chake kizima yamefutwa kwa sababu kuna mkubwa aliyeiona karatasi ya mtihani mapema. Yeye hakuiona karatasi hiyo, lakini anayerudi nyumbani mikono mitupu ni yeye.

Akina dada hao hawakukata tamaa. Waliwashinda New Zealand 2-1. Wakawalaza wenyeji Ufaransa 2-1, kwa bao ambalo Vanessa Gilles alilitia kimiani dakika ya 12 ya muda wa majeruhi. Gilles huyo huyo akafunga bao la pekee dhidi ya Kolombia. Walishinda mechi tatu kati ya tatu, lakini badala ya alama tisa wakawa na tatu. Bila adhabu hiyo wangeliongoza kundi. Waliingia robo fainali wakiwa wa pili, wakakutana na Ujerumani, na baada ya sare ya 0-0 wakaaga mashindano kwa mikwaju ya penalti, 4-2.

Kuna jambo jingine lililofichuka. Miezi kadhaa kabla ya Olimpiki, Machi 2024, Priestman aliandika barua pepe akilalamika kwamba mchanganuzi mmoja alikuwa amekataa kuendelea na kazi ya kupeleleza, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu. Kocha alidai kwamba timu zote kubwa hufanya hivyo. Naam, hiyo ndiyo hoja ya kila mkosaji: kila mtu anafanya. Laiti wakubwa wangelimsikiliza mfanyakazi huyo, Gilles na wenzake wangelizihifadhi alama zao sita.

Na hapa kwetu?

Hapa Kenya timu nyingi hufanya mazoezi katika viwanja visivyo na ukuta, mchuuzi wa njugu akipita upande huu na watoto wa shule wakiokota mipira upande ule. Anayetaka kupeleleza hahitaji droni. Husimama nyuma ya goli kama shabiki mwingine yeyote, akala njugu zake na kuondoka.

Kwa sababu hiyo, kuwaambia vijana wetu kwamba siri ndiyo itakayowapa ushindi ni kuwadanganya. Winga mwenye kasi hujulikana na mtaa mzima, na bado huwapita mabeki. Mfungaji hodari huandikwa magazetini kila wiki, na bado hufunga. Mpinzani akitaka kumjua, aje amtazame siku ya mechi kama watu wengine, aandike daftarini, kisha akawafundishe mabeki wake kazi. Uchunguzi wa namna hiyo ni halali, na ni sehemu ya mchezo.

Mzazi, mwanao atakapokuja kukwambia kwamba mwalimu wa michezo anataka aende akachungulie mazoezi ya shule jirani, usimcheke wala usimpongeze kwa ujanja. Msimulie habari za alama sita za Kanada. Kisha mwambie achukue mpira, aende uani, akarudie ile kona aliyokosea wiki jana.

Mazoezi ya namna hiyo, hata yakichunguliwa na dunia nzima, hayaibiki.