Kilemba si Kitambaa tu



Wasomaji wetu watukufu, hivi karibuni tulisafiri hadi Iguhu, kaunti ya Kakamega, kuhudhuria nikaha katika nyumba ya rafiki yetu wa tangu chuoni. Waislamu wa pale ni wachache. Baadhi ya jirani zao ni waumini wa makanisa ya Kiafrika wavaao kanzu na vilemba vyeupe, kama wale wa African Israel Nineveh Church, lililoasisiwa mwaka 1942 na Paul David Zakayo Kivuli katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Vihiga.

Usiku wa kuamkia harusi, mwenyeji wetu alitujia na jambo zito. Mwanawe wa miaka kumi na miwili alikuwa amemvua kilemba mwenziwe skuli, mbele ya wanafunzi, akakitupa topeni. Aliyevuliwa hakupigana. Alijifunika kichwa kwa mikono miwili akaenda zake kwao, na siku ya tatu ilikuwa hajarudi darasani. Tulipomwuliza mtoto sababu, alijibu: "Shehe, kile si kilemba cha Kiislamu. Ni kitambaa tu."

Jibu lile lilitutia haya, kwani nasi tulikuwa tumekaa mbele yake na kilemba kichwani. Kabla hatujafungua kinywa, babu yake mtoto alisema kutoka pembeni: "Nileteeni kitambaa kirefu."

Mzee huyu ujanani alijifunza useremala kwa fundi wa Kikalasinga mjini Kisumu. Kila asubuhi alimshikia bwana wake ncha ya kitambaa. Akampa mjukuu ncha moja, naye akashika ya pili, wakakivuta mpaka kikanyooka, kisha wakakikunja kwa urefu hadi kikawa ukanda. Alieleza kwamba kitambaa cha Kalasinga ni cha pamba nyepesi, mita tano au zaidi. Kwanza nywele, ambazo hazikatwi maisha yote, huchanwa na kufungwa kifundo utosini. Kisha ncha ya ukanda hubanwa kwa meno, na kitambaa huzungushwa kichwani. Zunguko moja hupanda upande wa kulia, la pili upande wa kushoto, yakikutana juu ya paji la uso mfano wa ngazi. Ncha ya mwisho huchomekwa, na ile iliyobanwa kwa meno huvutwa nayo ikafichwa. Alipomaliza, mjukuu alikuwa amevikwa kilemba, amenyamaza kimya.

"Bwana wangu," akasema mzee, "hata siku aliyokuwa na homa alikifunga."

Hapo nasi tukaongeza tunayoyajua. Dini ya Masinga ilianza Punjab kwa Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh aliunda jumuiya ya Khalsa, ambayo wafuasi wake huziacha nywele kama Mungu alivyoziumba. Kilemba huzihifadhi nywele hizo, na pia ni tangazo la usawa, kwani zama zile kilemba kilikuwa alama ya wakubwa, nao wakakivika kila kichwa. Mwenye kukivaa hawezi kujificha: akitenda wema ataonekana, na akitenda uovu ataonekana. Kumvua mtu huyo kilemba ni kumdhalilisha yeye pamoja na ahadi yake.

Masinga si wageni kwetu. Walikuwamo miongoni mwa mafundi na vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Makhan Singh aliongoza vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1950 akadai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Alizuiliwa hadi 1961. Joginder Singh alishinda mbio za magari za Safari mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na kilemba chake kikajulikana nchi nzima. Na wangapi kati yetu, tukipanda kwenda Nairobi, tumepita Makindu, kwenye hekalu lao ambalo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo?

Hatusemi kwamba dini zote ni moja. Tauhidi yetu haina mshirika, na kilemba chetu kina hukumu yake: ni vazi alilolivaa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliyeingia Makka siku ya ufunguzi na kilemba cheusi. Sala yetu yasihi bila ya kilemba, ilhali Singa mshika dini hatoki nje bila chake. Tofauti hizo zipo, wala hatuzifichi. Lakini kuijua mipaka ya dini yako si ruhusa ya kuvunja heshima ya jirani.

Tena sisi watu wa pwani ndio tungetangulia kulielewa jambo hili. Ada anayopewa fundi mwanagenzi anapohitimu twaiita kilemba. Sifa za uongo twaziita kilemba cha ukoka, kwa kuwa kilemba cha kweli hakifumwi kwa majani.

Usiku ule ule mama mtu alikifua kile kitambaa cheupe, akakipiga pasi. Asubuhi, kabla ya nikaha, baba, babu na mtoto walikwenda kwa jirani, nasi tukafuatana nao. Mtoto aliomba radhi mwenyewe, hakuombewa. Jirani alikipokea kilemba kwa mikono miwili, akamwita mwanawe, akamfunga palepale mlangoni. Adhuhuri tuliwaona wote wawili, baba na mwana, wamekaa jamvini wakila pilau ya harusi.

Wazazi wenzetu, tuwaulize watoto wetu leo: huko skuli, mwenzenu avaaye tofauti nanyi, mwamtendeaje? Jibu lao litatufahamisha tumewafunza nini.

Wabillahi tawfiq.