Malipo ya Ziada kwa Makosa: Dhambi Imeondoka, Deni Limebaki

Mfanyakazi anaingiziwa mshahara mara mbili katika mwezi mmoja. Mama anapokea shilingi laki moja kwa simu kutoka kwa mtu asiyemjua, aliyekosea tarakimu moja ya namba. Mteja anarudishiwa chenji kubwa kuliko haki yake. Maimamu wengi wameshaulizwa masuala ya namna hii, na mara nyingi muulizaji huja baada ya fedha kwisha na mwenyewe kuanza kudai. Je, aliyepokea bila ya kujua, akatumia kwa nia njema, analazimika kulipa?

Wapo wanaojibu kwamba halazimiki, kwa kuwa kosa si lake. Hutoa ushahidi wa Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba umma huu umeondolewa lawama ya kukosea, kusahau na kulazimishwa. Hadithi hiyo ni hoja, lakini imewekwa pasipo mahali pake. Kinachoondolewa ni dhambi. Haki ya mja katika mali yake haiondoki kwa kuwa mwenzake hakukusudia. Tazama Suratun Nisaa, aya ya 92: aliyeua kwa makosa hana dhambi ya muuaji wa makusudi, na pamoja na hayo jamaa wa aliyeuawa wana haki ya diya isipokuwa wasamehe wenyewe. Ikiwa hali ni hiyo katika roho, itakuwaje katika mshahara?

Wasomi wa Usulul Fiqhi wanapambanua baina ya hukumu mbili. Moja inahusu dhambi na thawabu, nayo inamtaka mtu awe na ujuzi na kusudio. Ya pili inahusu sababu na matokeo yake, nayo haiangalii ujuzi. Ndiyo maana mtoto mdogo akivunja chombo cha jirani hulipwa kutoka katika mali ya mtoto huyo, na hali hana dhambi hata chembe. Wanafunzi waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi watakumbuka mlango wa ghasb: mali iliyoporwa ikipita mikono mingi, kila mkono unabeba wajibu wa kulipa, hata kama mwenye mkono huo hakujua kwamba mali ni ya kuporwa.

Na mlipaji je? Yeye ametoa kwa hiari yake, si kama aliyeporwa. Hapa ndipo baadhi ya watu wanapoteleza. Alitoa akidhani anadaiwa, na dhana hiyo imebainika kuwa si kweli. Majallatul Ahkam al-Adliyya, mkusanyo wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, unasema katika kifungu cha 72 kwamba dhana ambayo kosa lake limedhihiri haina nguvu. Mfano wanaoutoa wanazuoni ni huu wetu: aliyelipa deni akidhani analo, kisha ikabainika hana, ana haki ya kurudishiwa. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo asili ya sheria ya mikataba ya Tanzania Bara, nayo imeeleza wajibu wa kurudisha kilicholipwa kwa makosa, na kwa sadfa tu ni katika kifungu hicho hicho cha 72.

Wengine huiita fedha hiyo okoto, wakasema wataitangaza mwaka mmoja kisha waitumie. Hapana. Okoto ni mali iliyopotea ambayo mwenyewe hajulikani. Aliyekutumia fedha kwa simu namba yake iko mbele ya macho yako, na mwajiri wako unaijua ofisi yake. Tena hata okoto lenyewe, katika Hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, mwenyewe akitokea baada ya mwaka hupewa haki yake.

Basi tangu pale mtu anapojua, hali yake hubadilika. Kabla ya hapo alikuwa na deni asilolijua. Baada ya hapo kunyamaza kwake kunaingia katika kula mali ya watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 188. Wala hapati udhuru kwa kuambiwa na karani wa mishahara, "Nyamaza, hawatagundua." Karani ni wakala tu, na wakala hana mamlaka ya kugawa zawadi mali ya aliyemtuma.

Jambo hili ni zito zaidi katika madrasa na misikiti yetu. Mwalimu akilipwa zaidi kutoka katika mfuko wa waqfu au mali ya mayatima, kamati huona haya kumdai, ikasema tumemsamehe. Imesamehe mali ya nani? Msimamizi wa waqfu na mlezi wa yatima husamehe cha mfukoni mwao. Wakiona mwalimu ni mnyonge, wachangishane wamlipie.

Ama mwenye kudai, naye ana mipaka yake. Kwanza, ushahidi ni juu yake. Mfanyakazi akisema kwamba zile zilikuwa saa zake za ziada, mwajiri alete hesabu. Pili, ikithibiti kwamba mdaiwa hana kitu, aya ya 280 ya Suratul Baqara inaamrisha asubiriwe mpaka apate wasaa, na kumwachia ni sadaka iliyo bora. Kumkata mshahara wote wa mwezi mtu mwenye watoto, kwa kosa lililofanywa na ofisi, ni kinyume cha mafunzo hayo. Wakubaliane kukata kidogo kidogo. Tatu, asiongeze chochote kwa sababu ya kuchelewa, hata akikiita faini au gharama. Nyongeza juu ya deni kwa ajili ya muda ni ile riba ya zama za Jahiliya.

Na wapo waajiri, baadhi yao Waislamu wanaoswali safu ya mbele, ambao huifuatilia shilingi iliyozidi ndani ya wiki moja, lakini malimbikizo ya wafanyakazi wao yanalala miaka. Hao wasome aya tatu za mwanzo za Suratul Mutaffifin kabla ya kuandika barua ya madai. Ikiwa pande zote mbili zinadaiana fedha za aina moja na muda wa kulipa umefika, zifidiane, na atakayebaki na ziada alipe hiyo tu.

Linabaki suala la mlipaji asiyepatikana: simu haipokelewi, kampuni ya simu imeshindwa kumpata, au duka limefungwa na mwenyewe amehama. Fedha ihifadhiwe na iandikwe katika wasia, ili warithi wasiigawe. Akikata tamaa kabisa ya kumpata, wanazuoni wengi wamesema aitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe au aitumie katika maslahi ya Waislamu. Mwenyewe akijitokeza siku moja, apewe hiari: akiridhia sadaka ile, thawabu ni zake, asiporidhia, alipwe fedha yake kamili.